Kadi za Kumbukumbu zenye Ujazo Mkubwa na Hatima ya Sauti za Kiswahili

Utangulizi

Mwaka 1970 ilichapishwa mjini Leiden orodha iliyotayarishwa na J.W.T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwamo katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wa fasihi huikumbuka orodha hiyo kwa ajili ya tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Husahauliwa kwamba iliorodhesha pia kanda za sauti. Kuwamo kwa kanda hizo kunaonyesha kwamba tangu wakati huo ilikwisha kutambulika kuwa utenzi ulioandikwa na utenzi unaoghanwa ni vitu viwili, na kwamba sauti nayo inahitaji mahali pa kukaa.

Mahali penyewe palikuwa pafinyu. Utepe wa futi 1,200, ukizungushwa kwa kasi ya inchi 7.5 kwa sekunde, huisha baada ya dakika 32. Mtafiti aliyekwenda uwandani na tepe kumi alikuwa na saa tano na ushei, na kila dakika aliihesabu. Leo hali imepinduka. Kadi ya maikro-esidi, yenye urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 1, ilifikia ujazo wa terabaiti 1 katika matangazo ya watengenezaji ya mwaka 2019. Kadi hiyo, ambayo inaweza kupotea katika mshono wa mfuko wa shati, inachukua sauti ya ubora wa juu kwa muda wa zaidi ya saa 960, yaani siku 40 mchana na usiku bila kupumzika.

Suala linalojadiliwa katika mhadhara huu ni iwapo chombo kinachoweza kubeba kazi ya mtafiti ya miaka mingi kinaweza pia kuaminiwa kuihifadhi. Hoja inayotolewa ni kwamba kadi hizi ni vyombo vizuri vya kunasa na kusafirisha. Ukubwa wa ujazo wake, hata hivyo, hauongezi uaminifu wake hata kidogo. Unachoongeza ni kiasi cha mali kinachopotea kwa mara moja.

Jina na maana zake

Kwa kuwa mhadhara huu unahusu taaluma za Kiswahili, inafaa kuanza na jina. Mitaani chombo hiki huitwa memori kadi, jina lililokopwa pamoja na mpangilio wake wa maneno, kivumishi kikitangulia nomino kinyume na kawaida ya Kiswahili. Wanaopenda usanifu husema kadi ya kumbukumbu. Jina hili la pili limenyooka kisarufi, lakini limebeba maana zaidi ya ile iliyokusudiwa. Katika Kiswahili kumbukumbu ni tendo la moyo, na ni maandishi pia: kumbukumbu za mkutano, kwa mfano, ni kauli zilizokwisha kuthibitishwa na kutiwa saini. Mtumiaji anayelisikia jina hili hufikiria kitu kilichokwisha kukaa.

Kitenzi hifadhi nacho kina historia yake. Aliyehifadhi Kurani ameiweka moyoni, na anaweza kuisoma bila ya kutazama msahafu. Kwa maana hiyo ya zamani, kuhifadhi ni kazi ya kudumu: anayehifadhi hurudia, husahihishwa na mwalimu wake, na akiacha kurudia husahau. Leo kitenzi hichohicho hutumika kwa tendo la kubonyeza kitufe mara moja. Faili huambiwa limehifadhiwa, na mtu huondoka. Maana mpya imeangusha sehemu ya kurudia na ya kusahihisha, na ndiyo sehemu ambayo, kama itakavyoonekana, kadi inaihitaji zaidi.

Kinachotunzwa ndani ya kadi

Msingi wa kadi hizi ni kumbukumbu ya aina ya flashi, uvumbuzi ambao sifa zake humwendea mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani, aliyewasilisha miundo yake miwili mwaka 1984 na mwaka 1987. Kadi ya esidi yenyewe ilibuniwa mwaka 1999 na kampuni tatu, SanDisk, Matsushita na Toshiba. Viwango vya ujazo vimepanda hatua kwa hatua tangu hapo: kiwango cha mwaka 2006 kiliruhusu hadi gigabaiti 32, cha mwaka 2009 hadi terabaiti 2, na cha mwaka 2018 hadi terabaiti 128, ingawa mpaka unaoruhusiwa na kiwango ni jambo moja na kadi inayouzwa dukani ni jambo jingine.

Ndani ya kadi hakuna kitu kinachozunguka wala kinachochorwa. Kuna seli nyingi mno, na katika kila seli hufungiwa elektroni chache nyuma ya ukuta mwembamba usiopitisha umeme. Kiasi cha elektroni zilizofungiwa ndicho kinachosomwa kuwa taarifa. Katika miundo ya mwanzo kila seli ilibeba biti moja, hivyo kidhibiti cha kadi kilihitaji kutofautisha hali mbili tu, kujaa na kuwa tupu. Ili kuongeza ujazo, watengenezaji walizigawa hali hizo. Seli ya biti mbili ina viwango vinne vya chaji, ya biti tatu ina viwango vinane, na ya biti nne ina viwango 16. Kwa namna fulani ni kama kibaba ambacho zamani kiliulizwa tu kama kina mchele au hakina, na sasa kinatakiwa kionyeshe sehemu ya kumi na sita ya ujazo wake bila kukosea.

Gharama ya mgawanyo huo inaeleweka. Kadiri viwango vinavyokaribiana, ndivyo uvujaji mdogo wa elektroni unavyotosha kuigeuza taarifa. Aidha, kila mara seli inapofutwa na kuandikwa upya, ukuta wake huchakaa. Seli za biti moja zilihesabiwa kustahimili uandishi wa mara 100,000 hivi. Za biti tatu na nne huhesabiwa kwa maelfu machache au chini ya hapo. Kidhibiti hujitahidi kuficha udhaifu huu. Huzungusha kazi ili seli zote zichakae sawasawa, huyatenga maeneo mabovu, na huandika tarakimu za ziada zinazomwezesha kusahihisha makosa yanapotokea. Mtumiaji haoni lolote. Kwa hiyo kadi inayokaribia mwisho wake na kadi mpya huonekana sawa hadi siku ambayo makosa yanazidi uwezo wa kusahihishwa.

Hapo pana tofauti kubwa na kanda za zamani. Utepe wa sumaku huharibika kwa ngazi: mvumo huongezeka, sauti za juu hufifia, pengine sekunde kadhaa hukatika, lakini fundi mwenye subira huweza kuokoa sehemu kubwa ya maneno. Kadi hufa ghafla. Kidhibiti kikishindwa, kadi nzima haionekani tena katika kompyuta, na kwa kuwa katika maikro-esidi vipande vyote vimefinyangwa pamoja, uokoaji unahitaji maabara yenye vifaa maalumu na malipo ambayo bajeti ya tasnifu haiyawezi.

Matumizi yanayostahili ujazo huo

Si kila kazi ya lugha inayohitaji terabaiti. Maandishi ni mepesi mno. Mkusanyo wa matini wa Helsinki, toleo lake la pili, una maneno ya Kiswahili yapatayo milioni 25. Yakikadiriwa kwa baiti saba kila neno, matini tupu ni megabaiti 175 tu. Kadi moja ya terabaiti ingeweza kubeba mikusanyo kama hiyo zaidi ya 5,000. Mwanaisimu anayeshughulika na matini pekee hana sababu ya kununua kadi kubwa.

Sauti ni nzito zaidi. Mwongozo wa jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, unapendekeza sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, kila moja ya biti 24. Kwa njia mbili za sauti hesabu inatoa takriban gigabaiti 1.04 kwa saa. Picha za miswada huingia katika daraja hilohilo: ukurasa mmoja uliopigwa kwa kamera ya pikseli milioni 24 na kutunzwa bila kubanwa huchukua megabaiti 72, hivyo terabaiti moja huchukua kurasa zisizopungua 13,000. Video ndiyo inayokula zaidi. Ngoma au mashindano ya kujibizana kwa mashairi yakirekodiwa kwa ubora wa juu, kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde, huchukua gigabaiti 45 kila saa, na terabaiti hujaa katika saa 22. Mtafiti anayenasa arusi ya siku tatu kwa kamera mbili ataielewa haraka faida ya kadi kubwa.

Ikumbukwe pia kwamba si kila chombo hukubali kila kadi. Vinasasauti vingi vilivyonunuliwa na idara za lugha kati ya mwaka 2009 na miaka iliyofuata, Zoom H4n kikiwa mfano mmoja, havipokei kadi inayozidi gigabaiti 32. Wengine huuona upungufu huu kuwa kero. Kwa kazi ya uwandani ni baraka, kwa sababu unamlazimisha mtafiti kugawa rekodi zake katika kadi kadhaa.

Kuhusu uchakavu, hofu ya watafiti mara nyingi imewekwa mahali pasipo pake. Kadi inayojazwa mara moja katika safari na kufutwa baada ya miezi mitatu haitafikia maelfu ya maandiko katika maisha ya mwenyewe. Wanaopaswa kuogopa uchakavu ni wenye kamera za ulinzi na kamera za magari, ambazo huandika juu ya rekodi za zamani usiku na mchana, na wale wanaoendeshea kompyuta ndogo kwa kadi. Kwao zipo kadi zilizotengenezwa kwa ustahimilivu wa juu. Mtafiti wa fasihi simulizi ana maadui wengine.

Kadi bandia

Adui wa kwanza anakutwa sokoni. Kadi bandia haitofautiani kwa macho na kadi halisi; pakiti, nembo na maandishi vyote huigwa. Ndani huwekwa kumbukumbu ndogo, tuseme ya gigabaiti 32, na kidhibiti hubadilishwa programu yake ili kiiambie kompyuta kwamba ujazo ni terabaiti moja. Kompyuta huamini, kwa kuwa haina njia nyingine ya kujua ila kuuliza.

Ubaya wa udanganyifu huu ni kwamba haujitokezi siku ya kununua. Faili za mwanzo huingia na kusomeka vizuri. Baada ya gigabaiti 32 kujaa, kila kinachoandikwa ama hutupwa ama hulazwa juu ya kilichotangulia. Majina ya faili huendelea kuonekana katika orodha, yakiwa na ukubwa sahihi na tarehe sahihi. Mtafiti aliyekaa Pate au Makunduchi kwa miezi miwili hurejea na orodha kamili ya mahojiano, na anapoyafungua hukuta ukimya au mkwaruzo. Kwa wastani wa saa nne za kurekodi kwa siku, gigabaiti 32 hutimia katika siku ya nane, yaliyofuata hayapo. Na iwapo mmoja wa wasimulizi alikuwa mzee wa miaka tisini, hakuna hakika kwamba safari ya pili itamkuta.

Dawa yake ni kuijaribu kadi kabla ya safari kwa kuijaza yote na kuisoma tena yote. Programu za bure zipo, H2testw kwa kompyuta za Windows na F3 kwa Linux na Mac. Jaribio la kadi ya terabaiti huchukua saa nyingi, pengine usiku kucha, na hiyo ndiyo sababu watu hulikwepa. Ifahamike tu kwamba kadi halisi ya terabaiti itaonyeshwa na Windows kuwa na takriban 931, jambo linalotokana na kuhesabu kwa vipeo vya pili badala ya vya kumi, wala si dalili ya wizi.

Uwandani

Adui wa pili ni mazingira. Kadi nyingi huandikwa kwamba zinafanya kazi hadi nyuzi 85 za Selsiasi, na maandishi hayo ni ya kweli, lakini kufanya kazi katika joto na kutunza chaji katika joto ni mambo mawili. Joto huharakisha uvujaji wa elektroni. Kadi iliyojaa rekodi, ikaachwa katika kisanduku cha gari lililoegeshwa juani wiki baada ya wiki, huzeeka upesi kuliko ile iliyo katika kabati lenye kivuli. Kadi mpya mara nyingi husemwa kutunza taarifa kwa miaka 10 bila umeme. Kwa anayetaka kupeleka nyumbani picha za likizo, miaka 10 ni mingi. Kwa mkusanyo wa lahaja ambayo wazungumzaji wake wanapungua, miaka 10 si kitu.

Zaidi ya joto kuna kukatika kwa umeme katikati ya kuandika. Kinasasauti kikizimika betri kabla ya kufunga faili, sauti huenda imo ndani ya kadi lakini orodha ya faili haijui ilipo. Mfumo wa faili unaotumika katika kadi zinazozidi gigabaiti 32, exFAT, kwa kawaida huweka jedwali moja la mahali pa faili, ilhali ule wa kadi ndogo huweka mawili. Na hakuna kati yao unaoweka daftari la mabadiliko yanayoendelea. Kwa hiyo kuchomoa kadi kabla ya taa kuzimika, tendo la nusu sekunde, huweza kuifanya kadi yote isisomeke. Likitokea, jambo la lazima ni kutokuandika chochote tena juu ya kadi hiyo. Rekodi iliyofutwa au iliyopotewa na jedwali mara nyingi huokolewa, ila pale ambapo nyingine imekwisha kuikalia.

Simu nazo zina mtego wake. Tangu toleo la 6.0 la Android, lililotoka mwaka 2015, simu nyingi humwezesha mtumiaji kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani. Kadi ikifanywa hivyo hufungwa kwa ufunguo uliomo katika simu ileile. Simu ikiibwa au ikianguka kisimani, kadi iliyookolewa haisomeki popote.

Kisha kuna muda. Kunakili terabaiti moja kwa kisomaji cha kadi cha kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa tisa. Katika kijiji chenye umeme wa jua au jenereta ya saa tatu jioni, kazi hiyo haimaliziki. Mtafiti huahirisha hadi kesho, kesho hadi mwisho wa wiki, na kwa kuwa kadi bado ina nafasi, hakuna kinachomsukuma. Kadi ndogo humsumbua mwenyewe mapema. Kadi kubwa humnyamazia. Ratiba inayofanya kazi ni kunakili rekodi za siku ileile, gigabaiti nne au tano, kazi ya dakika tatu.

Nakala

Historia ya miswada ya Kiswahili inatoa kipimo kizuri. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Kusomwa kwake leo hakutokani na uimara wa karatasi ya kwanza. Katika unyevu wa pwani, mchwa na wino vilikula karatasi nyingi. Uliokoka kwa kunakiliwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na kazi za mkono wake ziko leo London na Ujerumani. Nakala zilitofautiana beti na tahajia, nao wahakiki wamepata kazi ya kuzilinganisha, lakini kilichopotea katika moja kiliweza kutafutwa katika nyingine.

Nakala za kielektroniki zina faida ambayo Kijuma hakuwa nayo: zinaweza kuthibitishwa. Programu hupitia faili lote na kutoa namba ndefu inayolitambulisha. Biti moja ikibadilika, namba hubadilika. Namba hiyo ikiandikwa siku ya kurekodi, kisha ikahesabiwa upya kila mwaka, uharibifu hugunduliwa wakati nakala nzima bado ipo mahali pengine. Huko ndiko kurudia na kusahihishwa kulikokuwa katika maana ya zamani ya kuhifadhi. Kanuni inayofuatwa na wengi, iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh, inataka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mbali na nyingine. Kadi inaweza kuwa ya kwanza kati ya hizo tatu hadi diski na seva ya chuo zipokee zao. Baada ya hapo hufutwa na kurudishwa kazini.

Kila nakala iandamane na maelezo: nani alisema, wapi, lini, kwa lahaja gani, na kwa idhini ipi. Mali bila daftari huisha bila habari, na saa 960 za sauti zenye faili zilizopewa majina ya namba tupu ni mali ya namna hiyo.

Kuna nakala moja zaidi ambayo kadi ndogo ndiyo chombo chake hasa. Familia ya msimulizi ina haki ya kupata sauti ya mzee wao, na mara nyingi haina kompyuta wala intaneti ya kutosha, lakini ina simu yenye nafasi ya kadi. Rekodi zikibanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 58, na kadi ya gigabaiti 32 hutosha mkusanyo mzima wa kijiji. Katika visa vingine kadi kama hiyo, ikipita kutoka simu hadi simu, huenda ikadumisha hadithi kwa muda mrefu kuliko kabati la idara. Isipokuwa si kila kilichorekodiwa kinafaa kupita hivyo. Nyimbo za unyago na maneno ya waganga yaliyosemwa kwa masharti hayaingizwi katika kadi itakayofika mikononi mwa watoto. Hubaki katika nakala za chuo, pamoja na karatasi inayoeleza nani ameruhusiwa kuyasikiliza.